Ushauri: Nilifika Uhuru, sasa nataka Margherita (Rwenzori) mwezi wa saba

Wakuu, habari zenu. Mwaka jana nilifika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, sasa moyo umehamia Rwenzori: kilele cha Margherita, mita 5,109, mpakani mwa Uganda na Kongo. Nimechagua Julai kwa kuwa ni kiangazi, lakini jamaa aliyetoka huko mwezi huohuo anasema alinyeshewa kila siku. Kiangazi gani hicho? Na vifaa vyangu vya Kilimanjaro vitatosha?

Mwanamilima
Hongera mkuu, ila Kilimanjaro iweke pembeni. Ile ni volkano iliyosimama peke yake; ukishavuka msitu unatembea kwenye vumbi. Rwenzori si volkano, ni pande la mwamba wa kale lililoinuliwa kwenye Bonde la Ufa la magharibi. Upande wa pili kuna misitu ya Kongo. Hewa yenye unyevu ikitoka huko inagonga milima, inapanda, inapoa, inageuka ukungu na mvua. Kwa hiyo Juni hadi Agosti, na Desemba hadi Februari, mvua hupungua tu, haikatiki. Julai nenda, ila jiandae kulowa.

Gambuti
Nilipita bonde la Bujuku. Baridi niliivumilia, kinamasi ndicho kilichonitesa. Unaruka kutoka shina hadi shina la nyasi, ukikosea unazama hadi magotini. Buti zangu za ngozi zililowa siku ya pili, zikarudi nyumbani mbichi. Vaa mabuti ya mpira, wapagazi wenyewe ndiyo wanayovaa. Nguo za kulalia zifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, na mchana usiziguse hata ukitetemeka. Ila ukungu ukifunguka ukaiona mimea ya lobelia imekupita urefu, utasahau matope yote.

Mwenye uzi
Asanteni sana. Na barafu je? Kule Uhuru sikuikanyaga.

Mwanamilima
Huku utaikanyaga. Kambi ya mwisho ni Elena, juu ya mita 4,500, mnaondoka usiku. Unahitaji vyuma vya meno vya kufunga kwenye viatu vigumu, shoka la barafu na kamba. Barafu imenywea sana tangu Mwanamfalme Luigi Amedeo wa Italia alipofika kileleni mwaka 1906, na njia hubadilika kadiri inavyoyeyuka. Tafuta kiongozi aliyepanda hivi karibuni, si aliyepanda miaka mitano iliyopita.

Mwenye uzi
Nimeelewa. Naongeza siku mbili za akiba, na mabuti ya mpira nanunua wiki hii.