Wiki ya kumi: Sasso kilo moja na nusu, kienyeji nusu kilo. Ni ugonjwa?

Nasra_Kihonda
Habari zenu wakuu. Hawa ndio kuku wangu wa kwanza. Mwezi wa pili nilichukua vifaranga wa siku moja, Sasso 12 na Kuroiler 10, wote aina za kisasa. Siku hiyohiyo mama mkwe akaniletea tisa wa kienyeji waliototolewa juzi yake. Nimewalea pamoja, jiko moja la mkaa, chakula kimoja.

Jana jioni nimewapima kwa mizani ya kuning'iniza, kila mmoja ndani ya salfeti. Sasso wanacheza kwenye kilo 1.5, Kuroiler 1.3. Kienyeji: gramu 480, 510, 495, na mmoja 290. Jirani anasema wamedumaa, niwauze kabla hawajanitia hasara.

Jingine: mjomba kanipa jogoo wa kuchi, wale kienyeji warefu wa kupigana, wa miezi saba. Tangu Jumamosi naona damu kwenye vichwa vya majogoo wadogo wa Sasso.

Fundi_Mabanda
Dada, huyo kuchi mtoe leo. Usingoje kesho.

Mama Tetea wa Bahi
Nasra mwanangu, hao wa 480 na 510 ni wazima. Ni damu yao. Nimefuga aina zote hizo kwa miaka tisa, na kosa ninaloliona kila siku ni mtu kumlinganisha kuku na jirani yake wa bandani badala ya ndugu zake wa kiota kimoja. Sasso katoka Ufaransa, Kuroiler India, na wote wazazi wao walichaguliwa kwa kukua upesi. Kienyeji hakuna aliyemchagua kwa uzito. Kachaguliwa na mwewe, kicheche na kiangazi. Tetea wake akifika kilo moja na robo ni mtu mzima. Tena hata kienyeji hawafanani: ching'wekwe wa huko kwenu Morogoro ni mdogo wa umbo, kuchi ana miguu na shingo ndefu na jogoo wake hupita kilo mbili na nusu.

Huyo wa 290 ndiye wa kukunyima usingizi, maana kaachwa na ndugu zake mwenyewe. Mshike, pitisha kidole kwenye mfupa wa kifua. Ukiukuta umechongoka, hana nyama pembeni, mtenge na uangalie kinyesi chake. Kikiwa na damu, mwite bwana mifugo siku hiyohiyo.

Sasa tabia. Uzito si ubabe. Mwaka juzi nilikuwa na jogoo wa Sasso wa kilo tatu na nusu, mpole, wajukuu zangu walikuwa wakimbeba kifuani na yeye kafumba macho. Nikamfungia na kuchi aliyekuwa mwepesi kwake kwa kilo nzima. Asubuhi niliporudi kuteka maji nilimkuta kaegemea ukuta, upanga wa kichwani umechanika, jicho moja limeziba. Hakufika jioni. Kosa lilikuwa langu na mpaka leo linaniuma. Sasso hana mbio wala hajui kujibu ngumi, na kuchi haachi mpaka mwenzake alale chini. Kwangu kuchi ana banda lake na mitetea yake, basi.

Kwenye chakula, Sasso hutia nanga mbele ya chombo mpaka gole lijae, kifua chake kinaziba njia. Kienyeji hudonoa mara mbili tatu, akafukuzwa, akaenda kuchakura. Weka chombo cha pili ndani ya uzio wa fito, nafasi kati ya fito upana wa vidole vinne. Wadogo watapenya, wakubwa watabaki wanachungulia.

Na usiuze. Hao Sasso na Kuroiler ni nadra kukulalia mayai. Tetea wa kienyeji akikubali kiota atakulalia siku 21 bila umeme wala mafuta ya taa, na vifaranga atawalinda mwenyewe. Hata mayai ya Sasso waweza kumwekea, ila ujue ni chotara: watoto hawatoki kama wazazi, kila mmoja ana mwendo wake wa kukua. Chanjo ya kideri ya matone ya jichoni wape wote siku moja, na urudie kila miezi mitatu.

Kijana_wa_Gairo
Naunga mkono mama, ila naongeza: kama lengo ni mayai, tafuta pia kuku wa Malawi. Ni wale weusi wanaong'aa kijani juani, asili yao Australia. Wangu ni watulivu, hawagombani na kienyeji, na uzito wao uko katikati.

Nasra_Kihonda
Asanteni sana, na shikamoo mama. Kuchi nimemrudisha kwa mjomba jioni ileile. Yule wa 290 kifua kilikuwa kama kisu na kinyesi kina damu. Bwana mifugo kasema ni koksidiosi, ugonjwa wa utumbo, kanipa dawa ya kuweka kwenye maji kwa banda zima. Leo siku ya nne, kasimama na kula mwenyewe.

Uzio nimeutengeneza kwa matete. Kuroiler mmoja mwembamba kapenya, kwa hiyo kesho napunguza nafasi. Mama, hivi tetea wa kienyeji wa umbo lile nimwekee mayai mangapi ya Sasso?

Mama Tetea wa Bahi
Marahaba. Mayai yale ni makubwa kuliko yake. Nane, yasizidi, maana lazima yote yaingie chini ya mbawa.