Leza ya kijani ya kuunda mwenyewe kwa laki na nusu: moduli ya 532 au diodi ya 520? Na kupoza je?

Pweza_Mtoni
Wakuu, habari za jioni. Nataka kuunda leza ya kijani, bajeti yangu laki moja na nusu na haiongezeki. Jumamosi nimezunguka Kariakoo kutwa nzima, nimebaki na njia mbili. Ya kwanza ni moduli (leza iliyokwisha kuunganishwa) ya nanometa 532, yaani urefu wa wimbi la mwanga wake, ile yenye kioo ndani. Nimeonyeshwa moja ya shaba ya njano, muuzaji anasema ni miliwati 200. Ya pili ni kuagiza diodi ya 520 inayotoa kijani moja kwa moja, draiva (sakiti ya kuilisha umeme) nitengeneze mwenyewe. Kwa upande wa kupoza nimeshanunua Peltier, kile kibamba cha umeme kinachopoa upande mmoja na kuchemka upande wa pili, TEC1-12706, na nina hitisinki (chuma cha kutawanya joto) ya kompyuta ya zamani na feni yake. Kipi bora? Naomba ushauri kabla sijatoa hela, mwisho wa mwezi naagiza.

Chuma_Gerezani
Mkuu, ya kazi gani? Itawaka dakika ngapi kwa mara moja? Umeme wa ukutani au betri? Hujasema hata kimoja na jibu lote liko hapo.

DadaLehemu
Na miwani umeiweka kwenye hiyo laki na nusu? Kama hujaiweka, toa hela ya miwani kwanza, kinachobaki ndiyo bajeti ya leza. Nasema hivi kwa sababu ya hiyo ya 532. Ndani yake hakuna diodi ya kijani. Kuna diodi ya 808, infraredi, mwanga ambao jicho halioni, inapiga kioo cha vanadeti kinachotoa 1064, nayo ni infraredi, ndipo kioo cha pili cha KTP kinaikata nusu unapata 532. Zikitengenezwa kwa kubana gharama, kichujio cha infraredi mbele hakiwekwi. Mwaka 2010 NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, waliandika kuhusu leza ya kijani ya bei rahisi iliyoonekana hafifu, kumbe inatoa karibu miliwati 20 za infraredi. Jicho halipepesi kwa mwanga lisiouona. Na ile miwani ya rangi ya machungwa inayozuia kijani inaweza kuipitisha infraredi yote.

BabaZuhura_Tabata
Chukua 520, usifikirie mara mbili. Nimetumia zote. Diodi ya 520 haina vioo vya kupangwa, haina 808, haina 1064, unawasha inawaka. Ya 532 kwa joto la Dar inakusumbua. Diodi ya 808 inasogea karibu nanometa 0.3 kwa kila nyuzi moja ya joto, na kile kioo kinataka 808 na nusu hivi, hakitaki nyingine. Joto likipanda nyuzi kumi umeshatoka nanometa tatu, kijani kinafifia, kinarudi, kinapepesa.

Mzee_Redio
BabaZuhura, usimkatishe tamaa kijana. 532 jicho linaiona vizuri kuliko 520 kwa nguvu ile ile, mchana hasa. Jicho mchana kilele chake ni 555. Mimi ninayo ya 532 tangu 2011, inawaka hadi leo, na sijawahi kuiwekea hata feni. Naiwasha dakika moja, naizima.

BabaZuhura_Tabata
Shikamoo mzee. Kwa dakika moja nakubali. Lakini usiku jicho linahamia kwenye 507, na hapo 520 inaipita 532. Ndiyo maana Chuma anauliza kazi yake.

Sinza_Mataa
Nimesoma neno Peltier nikaona nisipite kimya, maana lilinigharimu.

Mimi kazi yangu ni mataa ya kumbi. Kuna mwaka nilinunua moduli ya 532 dukani, imeandikwa 200, nikaifunga kwenye boksi la bati pamoja na vioo viwili vya kuzungusha mwanga, kwa ajili ya harusi. Nyumbani ilikuwa safi. Ukumbini, nusu saa ya kwanza safi. Bwana na bibi harusi wanaingia, kijani kinaanza kufa. Nikafungua boksi, moduli haishikiki kwa kidole. Ukumbi wenyewe umejaa watu, feni za juu zinazungusha joto tu.

Nikajiambia dawa ni Peltier. Nikaipachika hiyo hiyo 12706 kwenye moduli, upande wa moto nikaweka hitisinki ya alumini ndogo kama kiberiti, kwa sababu boksi lilikuwa halina nafasi. Kwa dakika kumi ilikuwa baridi mpaka nikafurahi. Kumbe Peltier yenyewe inakula umeme mwingi kuliko leza mara ishirini, na umeme wote huo unaishia upande wa moto. Hitisinki ikachemka, joto likaanza kurudi leza ilipo. Nikabadilisha, nikaweka hitisinki kubwa ya kompyuta na feni. Hapo ikapoa kweli. Ikapoa kupita kiasi.

Harusi iliyofuata ilikuwa Machi, mvua imeanza, hewa nzito. Nimewasha saa kumi na mbili jioni kujaribu. Saa moja kasoro naona kijani kimekuwa kama kiko nyuma ya moshi. Nikamulika kwa tochi ya simu: lenzi imejaa umande, matone madogo madogo kama kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Moja limeshashuka mpaka kwenye draiva, kuna alama nyeupe kati ya miguu miwili ya kapasita. Sikuwahi kuzima. Ilitoa mlio mdogo, tik, na ikawa ndiyo mwisho. Diodi ya 808 ilikufa, nilipima ikawa haina kitu. Mwenye harusi nilimrudishia sehemu ya hela yake, na alikuwa na haki.

Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, umande unaanza kwenye nyuzi 26. Ukipoza kitu chini ya hapo umekiita maji. Kwa Dar hiyo ni miezi mingi.

DadaLehemu
Pole sana kaka. Hiyo ya umande ingeandikwa kwenye kila duka linalouza Peltier hapa mjini.

Chuma_Gerezani
Sasa tupige hesabu. Diodi ya 520 ya miliwati 50 inakula kama miliampea 150 kwa volti 6 hivi. Hiyo ni wati 0.9. Ukiweka Peltier ya wati hamsini, sitini, kuhamisha wati moja, umeleta kreni kubeba ndoo ya maji. Wati moja inapozwa na kipande cha alumini cha kiganja, bila feni, mradi diodi imebanwa vizuri na kuna pesti ya kupitisha joto katikati. Tatizo la wengi ni mguso. Diodi ya milimita 5.6 inachomekwa kwenye tundu lililochongwa ovyo, inagusa pembeni mara mbili tatu, halafu mtu analia hitisinki ndogo. Tafuta kibebeo cha shaba nyekundu cha milimita 12, kiingie kwenye bloku ya alumini kwa kubana. Shaba nyekundu inapitisha joto zaidi ya mara mbili ya shaba ya njano.

Kijana_Mbagala
Draiva akitumia LM317, ile IC ya kudhibiti umeme, si inatosha? Resista moja tu.

Chuma_Gerezani
Inatosha, ila nayo ina joto lake. Resista ya omu 8.2 inakupa miliampea 152. Ukilisha volti 12, diodi inachukua 6, volti 6 zilizobaki zinachomwa kwenye LM317 na resista. Ni karibu wati 0.9 tena, sawa na leza yenyewe. Kwa hiyo usizifunge kwenye bloku moja na diodi. Lisha volti 9 au 10, joto linapungua. Chini ya 9 usishuke, LM317 inahitaji karibu volti 3 za kwake.

Pweza_Mtoni
Wakuu samahani, nilikuwa kazini. Nilipaswa kusema mwanzo. Ni ya klabu ya sayansi ya shule ninayofundisha, Temeke huku. Nataka wanafunzi wapime urefu wa wimbi la mwanga wenyewe, na usiku tukienda Kigamboni niwaonyeshe nyota kwa kuzinyooshea. Darasani itawaka dakika ishirini, thelathini. Umeme wa ukutani ukiwepo, vinginevyo betri.

DadaLehemu
Mwalimu, hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza! Watoto arobaini na miliwati 200 kwenye chumba chenye madirisha ya vioo, hapana. Hiyo ya 200 iache dukani. Kwenye madaraja ya usalama wa leza, kisichozidi miliwati 5 kinakaa daraja la 3R, ukivuka hapo umeingia 3B, na kupepesa jicho robo sekunde hakukuokoi. Ikipiga saa ya mkononi ya mtoto ikarudi, ni jicho la mtu.

Mzee_Redio
Hapo namuunga mkono binti. Na miliwati 5 usiku Kigamboni inatosha kabisa, mstari utauona unapanda. Ila mwalimu, ndege zinazoshuka Kipawa ziangalie. Ukisikia mlio, zima, usisubiri kuiona. Rubani akipigwa na kijani usiku haoni dashibodi yake.

Kijana_Mbagala
Kwa miliwati 5 atumie CD badala ya kununua vifaa vya maabara. Mistari ya CD ina nafasi ya mikrometa 1.6, nayo inaugawa mwanga kuwa madoa ukutani. Ukipiga 532 wima kwenye CD iliyo mita moja kutoka ukutani, doa la kwanza linaangukia sentimita 35 kutoka katikati. Nimefanya mwenyewe chumbani, karatasi nimebandika kwa selotepu, penseli nikaweka alama.

BabaZuhura_Tabata
Na kwa 520 linaangukia 34 na kidogo hivi. Tofauti ni karibu milimita tisa. Mwanafunzi akipima vizuri anajua kama muuzaji amemdanganya.

Sinza_Mataa
DVD je? Mistari yake imebanana zaidi.

Kijana_Mbagala
0.74. Doa linakwenda mbali mno, karibu mita moja pembeni. CD ni rahisi.

Pweza_Mtoni
Hii ya CD ni dhahabu, asanteni. Sasa diodi ya 520 ya miliwati 50, naweza kuishusha ikatoa 5 tu kwa kupunguza umeme?

Chuma_Gerezani
Unaweza, ila kuna kizingiti. Chini ya miliampea fulani inawaka kama LED tu, haijawa leza. Miliwati 5 ziko juu kidogo ya hapo, na kizingiti kinapanda joto likipanda. Ukiiweka sawa asubuhi ya baridi, mchana inaweza isifike, na ukiiweka sawa mchana, asubuhi itazidi. Bila kipimo cha nguvu utakuwa unakisia, na kukisia mbele ya watoto sikushauri.

DadaLehemu
Ndiyo maana nasema anunue moduli ya 520 iliyotoka kiwandani na karatasi yake ya vipimo, miliwati 5. Kuunda aunde kasha na draiva.

Mzee_Redio
Basi hapo ameunda nini? Mtoto anajifunza kwa kuona imefunguliwa. Mimi ningemwacha afungue moduli ya 532 isiyo na umeme, awaonyeshe vile vioo viwili.

BabaZuhura_Tabata
Mzee, kufungua isiyo na umeme sawa. Kuwasha ndiyo tunagombania.

Pweza_Mtoni
Nimewasikia wote. Naona Peltier nitairudisha, kama muuzaji atakubali. Ya 520 naielekea ila kati ya diodi tupu na moduli bado sijaamua, nasubiri kuona bei zake. Chuma, hiyo bloku ya alumini yenye tundu la milimita 12, pale Gerezani kuna fundi wa kukereza anayekubali kazi ndogo hivi? Wawili niliowauliza wanataka niagize kumi.

Chuma_Gerezani
Yupo mmoja upande wa nyuma, anachonga bushi za bajaji. Nenda asubuhi kabla ya saa nne, na ubebe hicho kibebeo chenyewe akipime kwa mkono wake. Ukimwambia milimita 12 kwa mdomo atakutobolea 12 na nusu.