Makundi A, B na C katika stoo: tupime kwa bei au kwa matumizi?

Mtunza Stoo:
Ndugu zangu, naomba msaada wa wenye uzoefu. Nasimamia stoo ya vipuri yenye aina zipatazo 600, na tuliagizwa kuzigawa katika makundi A, B na C ili tusizisimamie zote kwa uzito uleule. Nilizipanga kwa bei ya kipande kimoja, kuanzia cha ghali hadi cha rahisi. Sasa pampu inayotoka mara mbili kwa mwaka iko kundi A na naihesabu kila wiki, nayo ipo palepale kwenye rafu hadi lebo imeanza kufifia. Ilhali beringi zinazotoka kila siku ziko kundi C, na mara mbili zimeniishia fundi akiwa amesimama dirishani na hati yake mkononi. Nimekosea wapi, na viwango vya akiba nivipangeje?

Mhasibu wa Gharama:
Ndugu, umekosea kwenye kipimo. Kinachotakiwa ni thamani ya matumizi ya mwaka, yaani idadi iliyotoka kwa miezi 12 ukiizidisha kwa bei ya kipande. Tuseme bei ya pampu moja ni sawa na ya beringi 200. Pampu 2 kwa mwaka zina thamani ya beringi 400, kumbe beringi zenyewe, zikitoka 4 kwa siku katika siku 300 za kazi, zinafika 1,200, ambayo ni mara tatu ya fedha inayopita kwenye pampu. Panga orodha yote kwa thamani hiyo, kisha jumlisha ukishuka. Mara nyingi asilimia 10 hadi 20 ya aina hubeba asilimia 70 hadi 80 ya thamani, na hizo ndizo A. Nusu ya aina au zaidi, zinazobeba asilimia 5 hivi, ni C. Asilimia hizo si sheria. Mimi huweka mpaka pale thamani inaposhuka ghafla, kwa sababu bidhaa mbili zinazolingana kwa karibu hazifai kutenganishwa na mstari.

Afisa Ugavi:
Naongezea upande wa viwango, nikitumia beringi hizohizo. Ikiwa siku ya kazi nyingi hutoka 6, na mzigo ukichelewa sana huchukua siku 20, kiwango cha kuagiza upya ni 6 mara 20, yaani 120. Ikiwa kwa wastani hutoka 4 na mzigo hufika baada ya siku 15, utakuwa umetumia 60 wakati wa kungoja, kwa hiyo kiwango cha chini ni 120 kutoa 60, yaani 60. Ukiona akiba imeshuka chini ya hapo, mpigie mgavi siku hiyohiyo. Kwa kundi A, fanya hesabu hii kwa kila aina, irudie kila robo mwaka, na uagize kidogokidogo. Kwa kundi C, usijitese: weka akiba ya kutosha miezi kadhaa na uhesabu mara moja au mbili kwa mwaka, kwani muda wako ni ghali kuliko nati zile. Kundi B liko katikati.

Fundi wa Matengenezo:
Naafikiana nanyi, ila thamani haisemi ni kipuri gani kitasimamisha kazi. Niliwahi kungoja siku tatu nzima mashine ikiwa imefunguliwa, kwa kukosa sili ya mpira inayoenea kwenye kiganja, ambayo kwa hesabu zenu ni C ya mwisho kabisa. Nakusihi uongeze alama ya pili kwenye kadi ya kila bidhaa: ya lazima, ya muhimu, au ya kawaida. Sili ibaki C lakini iwe ya lazima, na isikosekane kamwe. Pampu nayo, hata ikishuka kundi, moja ikae rafuni daima.

Mtunza Stoo:
Nashukuru sana, nimeelewa. Na vipuri vya mashine mpya, ambavyo havina kumbukumbu ya matumizi?

Mhasibu wa Gharama:
Anza na makadirio ya kitabu cha matengenezo cha mashine hiyo, viweke kundi B kwa muda, na uvipange upya kadi zikishaonyesha matumizi ya miezi 6.