Feni ya Hiace inanguruma balaa, fundi mchomeleaji anitengenezee ya bati?

mpanda_kitonga: Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri. Nina Hiace ya dizeli, injini aina ya 3L, napiga Iringa na Ruaha Mbuyuni. Mwezi uliopita ilichemsha mlima Kitonga nikiwa na abiria, fundi akasema klachi ya feni imekufa, akaipiga bolti izunguke moja kwa moja na injini. Kuchemsha kumepungua ila kelele sasa, nikikanyaga mafuta watu hawasikilizani, na juzi nimeingia uvunguni na tochi nakuta panga moja lina ufa shinani, ukucha unaingia. Kuna mchomeleaji anasema atanitengenezea ya bati nene, mapanga 10. Mi nataka feni iliyotulia na inayodumu.

fundi_rejeta: Pole mkuu, kwanza paki hilo gari, panga likikatika linapasua rejeta au linamkuta mtu. Pili kelele hiyo ni ya mwendo. Feni ikizunguka mara mbili zaidi upepo unakuwa mara mbili, lakini nguvu inayoinyonya injini ni mara 8 na kelele inapanda desibeli kama 15. Klachi ina mafuta mazito ya silikoni ndani ili injini ikiwa juu feni iteleze isifuate yote, sasa ukiibana bolti inapelekeshwa mpaka mwisho, ndo mana panga limechoka.

mama_daladala: Ya bati usithubutu kaka! Mapanga hayatalingana uzito wala mlalo, feni ikiyumba inamaliza beringi ya wotapampu, yalinikuta. Lile kava linalozunguka feni lipo?

mpanda_kitonga: Halipo dada, lilivunjika fundi akalitupa.

fundi_rejeta: Basi ugonjwa ndo huo! Bila kava hewa ya moto inarudi pembeni ya mapanga inazunguka palepale, rejeta haipati kitu. Tafuta kava, feni na klachi yake, hata used. Klachi ijaribu ikiwa baridi, izungushe kwa mkono, iwe nzito kidogo na isimame haraka, ikiserereka yenyewe kama pangaboi silikoni imeisha, na ukiona vumbi limegandia mafuta pale katikati usiichukue. Cheki na mauntini za injini, zile raba zinazoishikilia, zikilegea feni itakwangua kava jipya. Halafu ukikuta mapanga yameachana nafasi zisizolingana usiikatae, kiwandani wanafanya makusudi ili mlio usikusanyike kwenye sauti moja.

mpanda_kitonga: Asanteni sana, gari nimepaki. Swali la mwisho, zamani ikiwa nzima asubuhi ilikuwa inanguruma kama dakika moja hivi ndo inatulia, ulikuwa ubovu?

fundi_rejeta: Hapana mkuu, hiyo ni silikoni iliyolala usiku inarudi sehemu yake. Ukiisikia tena hivyo ujue klachi inafanya kazi.