Naomba ushauri: kukagua wadudu kwenye mboga, jiko la kosha

Habari zenu wapendwa, napika kwa familia ya Kiyahudi hapa Brooklyn, New York, wanakula kosha tu, yaani chakula kinachofuata sheria za dini yao, na mdudu hata awe mdogo vipi, ilimradi macho yanamuona, kwao ni haramu kabisa. Letasi naimudu, nachambua jani moja moja, naloweka kwenye maji ya sabuni kidogo, nasuuza halafu naliinua kwenye taa nicheki pande zote. Shida brokoli jamani, vile vidukari vya kijani vinajibana ndani ya vichwa na rangi ni ileile, unasuuza weee bado vimo. Bosi kaniambia maji ya kuoshea niyachuje kwa kitambaa cheupe nione kama kuna kitu, sasa nikikuta kimoja, naosha upya au natupa yote? Waliowahi kupika kosha naombeni mnielekeze.