Benki imenikwamisha mkopo wa dagaa, naombeni ushauri

MamaChanja: Habari za jioni wakuu. Nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Nimeomba benki milioni 8 ninunue mzigo Ziwa Tanganyika likifunguliwa kwa uvuvi Agosti 15. TIN ninayo, leseni ninayo, barua ya mtendaji ninayo. Afisa mikopo akafunua daftari langu, kurasa zimegandana kwa mafuta ya dagaa, akasema hayo si mahesabu, anataka taarifa ya akaunti ya miezi sita. Wateja wangu wa Dar hulipa kwa simu. Nifanyeje?

KasuluKwetu: Pole dada. Mimi nilichoka na benki nikaenda kausha damu, wale wa mikopo ya riba kubwa, kwa ajili ya mawese. Mawese yakashuka bei, wakabeba mpaka godoro. Mke wangu hadi leo ananikumbusha.

BibiUjiji: Mwanangu, deni halilali. Ingia kikoba na wenzio.

MzeeDaftari: Miamala ya simu nayo ni ushahidi, kaombe taarifa yake yenye muhuri. Lakini dhamana umeweka nini?

MamaChanja: Nyumba.

MzeeDaftari: Hati ina jina la nani?

MamaChanja: La mume wangu. Yuko machimboni Mpanda, simu zangu hapokei. Mdogo wake wanafanana sana, amekubali kuja na kitambulisho cha kaka yake asaini. Ile nyumba plasta na bati ni hela yangu ya dagaa, kwa hiyo siibi kwa mtu.

BibiUjiji: Astaghfirullah!

MzeeDaftari: Huko ni kughushi, mtafungwa wote wawili. Hata hati ingekuwa na jina lako, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inataka ridhaa ya mwenzako kabla ya kuweka rehani nyumba ya ndoa.

Mlolwa_07: Chai hii, stori ya kutunga. Ziwa limefungwa tangu Mei 15, Kibirizi mnaanika nini? Halafu shemeji anayefanana na kaka yake, tamthilia kabisa.

KasuluKwetu: Hata mimi nimeanza kunusa tangawizi 😂

MamaChanja: Nimesema nauza, sikusema naanika. Namalizia magunia ya kabla ya Mei. Dagaa wa kuanikwa juu ya chanja, hawana mchanga. Ziwa likifunguliwa, mwenye hela mkononi ndiye anayepewa mzigo. Nani atatunga shida kama hii?

MzeeDaftari: Mimi namwamini. Dada, achana na hiyo nyumba. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri iliyosimamishwa Aprili 2023 ilisharudi 2024: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, na haina riba. Tafuta wenzako wa mwaloni msajili kikundi kwa afisa maendeleo ya jamii. Na ukikopa popote, sema mapema ziwa likifungwa rejesho litatoka wapi.

MamaChanja: Kikundi mpaka kisajiliwe Agosti imepita. Shemeji anafika Ijumaa, nauli nimeshamtumia.

BibiUjiji: Basi akifika mpe nauli nyingine, aende Mpanda akamlete kaka yake.