Kushusha WRX ya kila siku hapa Unguja: springi za milimita ngapi?

Mkaazi_Fuoni

Assalaam alaykum wakuu. Gari ni Impreza WRX sedani, bodi ya GDA (msimbo wa toleo la gari), shokapu bado za kiwandani, rimu 17 na tairi 215/45. Ni gari ya kila siku: Fuoni mpaka Malindi asubuhi na jioni, wikiendi Paje, na mara moja moja inapanda meli kwenda Pemba. Nataka ishuke kidogo na isilale sana kwenye kona, lakini nisisikie kishindo kwenye kila tuta. Nimeona springi za kushusha milimita 20, 30 na 40. Fundi mmoja ananishauri nisinunue kitu, zilizopo zikatwe mzunguko mmoja basi. Nichukue zipi, na nini kingine kibadilishwe pamoja nazo?

Springi_Amani

Waalaykum salaam sheikh. Kukata kuondoe mawazoni kabisa. Ncha ya springi imetengenezwa ikae kwenye kikombe cha shokapu. Ukiikata haikai tena sawasawa, na tairi inaponing'inia springi inakuwa fupi kuliko nafasi yake, inacheza na inaweza kutoka kitakoni. Ugumu unaongezeka kidogo tu wakati nafasi ya kubonyea imepungua sana, kwa hiyo gari inagonga mwisho, yaani shokapu inaishiwa nafasi, zaidi kuliko kabla ya kukata. Wanaopasha springi moto kwa gesi ndio wanaharibu zaidi: chuma kinapoteza ukakamavu wake, gari inaendelea kulala kidogo kidogo, na upande mmoja huwahi kuliko mwengine.

Kwa njia zetu chukua 20, na isizidi 25. WRX inatoka kiwandani ikiwa na kama sentimita 15 chini ya tumbo. Toa 40 unabaki na 11, kisha pakia watu wanne na mzigo wa Paje uone inabaki nini. Matuta ya lami ya barabara kuu yanapitika. Yale yanayojengwa na watu wa mtaa kwa kifusi na saruji hayana kipimo.

Tena 40 haikupi unachokitafuta. WRX ina shokapu za kusimama (strati, springi imekaa juu ya shokapu yenyewe) mbele na nyuma. Ukiishusha sana, wishboni (mkono wa chini unaoshika tairi) inainuka upande wa tairi, na kile kitovu ambacho bodi inalalia kinashuka zaidi kuliko gari yenyewe. Bodi inapata nguvu zaidi ya kulala kwenye kona. Springi ya 20 pamoja na stabilaiza (fimbo inayozuia bodi kulala) ya nyuma nene kidogo, milimita 2 au 3 juu ya ya kiwandani, itatulia kuliko springi ya 40 peke yake.

Shokapu ndiyo habari yenyewe. Kama zimechoka au zinavuja mafuta, usiweke springi mpya juu yake. Springi ngumu inarudi kwa nguvu, na shokapu iliyochoka haiwezi kuizuia: gari inadunda baada ya tuta badala ya kutulia mara moja. Nunua nne mpya, KYB au za aina hiyo, ufungue mara moja tu.

GD_Mwanakwerekwe

Naongeza upande wa kufunga, maana hapo ndipo gereji nyingi zinaruka hatua.

Kabla ya kugusa spana, pima kila kona kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa bodi juu yake, uandike. Bila namba hizo hutajua gari imeshuka kiasi gani wala kama imekaa upande.

Mbele: toa kibano cha paipu ya breki na waya wa ABS kwenye shokapu. Weka alama ya rangi kwenye bolti ya juu kati ya zile mbili kubwa zinazofunga shokapu kwenye habu (kishikio cha tairi), spana 19. Bolti hiyo ina yai (si duara kamili, ukiizungusha inasogeza tairi), ndiyo inayorekebisha mlalo wa tairi (kamba). Fungua zote mbili, kisha nati tatu za juu ndani ya boneti, spana 12. Hizi ndogo zinakazwa kwa Nm 20 tu. Akitumia mashine ya upepo anazikata. Nyuma kwenye sedani lazima utoe kiti ufikie nati za juu.

Kibanio cha springi kiwe na ndoano mbili zinazotazamana, ukizungushe kwa mkono, upande huu kidogo na upande wa pili kidogo. Usifungue nati ya kati mpaka springi iwe inacheza kwenye kikombe chake. Springi iliyobanwa ikiruka inavunja mtu uso, hili si la kufanyia haraka. Wakati wa kurudisha, maandishi ya springi yasomeke wima na ncha ya chini iguse ukuta wa kikombe.

Ile raba ya njano au nyeusi kwenye fimbo ya shokapu ipunguzwe kwa kiasi kinachoandikwa kwenye karatasi ya springi. Kata upande mpana, acha ncha nyembamba, maana ndiyo inayopokea pigo polepole. Usiitoe kabisa. Mauntingi ya juu ikiwa imepasuka, badilisha hapo hapo.

Jambo linalosahaulika mno: bushi, zile raba za kwenye maungio ya wishboni na fimbo. Raba yake imegandishwa kwenye bomba la ndani, kwa hiyo inakaa imenyooka kwa kimo ilichokazwa. Gari ikishuka inabaki imejinyonga muda wote, ikipasuka mafundi wanasema bushi zilikuwa feki. Shusha gari chini, tairi zibebe uzito, legeza bolti za wishboni na za fimbo za nyuma zinazoshika tairi, tikisa gari, kisha kaza upya. Lakini ile bolti ndefu ya fimbo za nyuma inayopita kwenye habu uiendee pole. Kwa chumvi yetu huwa imeshikana na bomba lake. Mwagia mafuta ya kulainisha kutu siku moja kabla. Ikikataa kabisa, iache mpaka uwe na bolti na bushi mpya mkononi.

Tairi_Kiembesamaki

Alaimenti (kupima mkao wa tairi) usiifanye siku ile ile. Springi zinakaa kitako baada ya kilomita 300 hadi 500, yaani safari tatu nne za Nungwi kwenda na kurudi. Baada ya kufunga rekebisha usukani na tairi kwa makadirio, kipimo kamili kije baadaye.

Mbele omba mlalo wa nyuzi 1 hadi 1.5 kuingia ndani juu, kulia na kushoto visipishane zaidi ya nusu nyuzi. Nyuma WRX haina marekebisho ya mlalo kutoka kiwandani, itajiongeza kidogo yenyewe na haina neno. Kinachokula tairi ni vidole vya tairi (pua ya tairi ukiitazama kutoka juu) kutazama nje au ndani mno, sio mlalo. Nyuma pia vinarekebishwa, kwenye bolti yenye yai ya fimbo ya nyuma. Mwambie fundi asipime mbele tu. Ukipapasa uso wa tairi upande wa ndani na kuhisi meno kama msumeno, vidole vimekosea.

Nakubaliana na 20, lakini nisingebaki na 215/45R17. Weka rimu 16 na 205/55. Kimo cha tairi nzima kinakaribiana, milimita 6 au 7 tofauti, lakini ukuta wa mpira unaongezeka milimita 16. Huo ndio unaookoa rimu kwenye mashimo ya masika. Breki za WRX zinaingia kwenye rimu 16 nyingi, za STI (WRX ya juu zaidi) zenye breki kubwa za Brembo haziingii. Tundu za rimu ni 5x100, yaani bolti tano kwenye duara la milimita 100.

Mkoani_Bandarini

Kuhusu meli: hapa maji ya bamvu (maji makubwa) yanapanda na kushuka kama mita 4, na kupwa mlango wa meli unakuwa mteremko mkali. Bampa ya mbele inagusa kwanza, halafu tumbo kwenye kona ya juu. Ikiwezekana safiri siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, au uwe na vipande viwili vya mbao za inchi 2 ndani ya buti.

Kwenye tuta funga breki mapema, uachie kabla tairi haijagusa. Anayepanda tuta huku amekanyaga breki pua imeshazama, na nafasi ya shokapu imeshatumika nusu.

Ukitoka Paje osha chini kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, hasa kikombe cha springi. Mchanga wenye chumvi unakaa pale, unakwangua rangi, na springi inavunjika kwenye mzunguko wa mwisho wa chini.

Mkaazi_Fuoni

Allah awalipe. Nimeamua 20 na shokapu mpya. Nitajuaje kama bado inagonga mwisho, au ni ugumu wa springi tu?

GD_Mwanakwerekwe

Funga kebo tai nyembamba kwenye fimbo ya shokapu, isukume mpaka chini, uendeshe kama kawaida siku mbili na watu ndani. Itasukumwa mpaka pale raba ilipofika. Ikiwa imepanda mpaka raba imebonyea nusu kila siku, ongeza kimo au badilisha shokapu. Na taa za mbele zipimwe upya, maana pua na mkia havishuki sawa.